Kumsaka Mvamizi wa Mipapai, Likoni hadi Shanzu

Jumatatu asubuhi nilimwambia mke wangu nitarudi Kilifi kabla ya chakula cha jioni. Nilirudi Ijumaa, na shati lile lile. Tangu siku hiyo mmekuwa mkinishika mkono mkiniuliza kulitokea nini, na nikiwajibu kwamba nilikuwa Likoni, Changamwe na Kisauni, mnacheka. Mtu aliyezaliwa Mombasa asafiri siku tano, atokee Mombasa! Nilikataa kusimulia kwa sababu majibu ya maabara yalikuwa hayajatoka, na bila majibu sikujua kama nasimulia safari au naungama kosa. Sasa yametoka. Kaeni.

Safari yenyewe haikuwa yangu. Ilikuwa ya Daktari Nekesa, mtafiti wa wadudu, mwanamke wa Bungoma mwenye sauti ya upole na mwendo wa haraka. Anamfuata mdudu mmoja mdogo mweupe, kidung'ata wa mpapai, yule anayelifunika papai hadi likaonekana limemwagiwa unga. Sisi humwita unga tu. Si wa kwetu. Alitoka ng'ambo, na sasa yumo katika kila ua. Daktari ataka kujua alipitia wapi. Huwakusanya wadudu wengi kutoka kila mahali, kisha husoma vinasaba vyao, yale maandishi ya urithi ambayo mama humpa mwana, na ambayo kila kizazi huyanakili na kukosea kidogo hapa na pale. Makosa hayo ndiyo ushahidi. Wadudu wanaorudia kosa moja wana nyanya mmoja.

"Ni kama nyinyi watu wa Pwani," aliniambia. "Mtu akiulizwa jina, anakupatia mpaka ya babu ya babu."

Alihitaji mwenyeji wa kumtembeza na mtu wa kumwandikia barua kwa Kiswahili safi. Mimi ni mwandishi wa makala, ingawa watu huniita Mwalimu. Nina digrii ambayo kazi yake kubwa hadi leo imekuwa kunifanya nisahihishe mabango ya kinyozi. Nilikubali kabla hajamaliza kuomba.

Kuna jambo sikumwambia. Dadangu Rukia akaa Junda. Jirani yake Kadzo, mama wa Kigiriama, hulima mipapai na kuuza miche kwenye kiwanja alichopewa kwa mdomo, bila hati, na wenye ardhi wanaokaa kisiwani. Mwaka juzi unga uliingia Junda, mipapai ikaharibika nyumba hadi nyumba, na watu wakakubaliana kwamba aliyeuleta ni Kadzo, na miche aliyonunua Magongo. Wakaacha kununua kwake, na sasa walimtaka mwangalizi wa kiwanja, Mzee Athman, amwondoe. Hayo Daktari aliyajua. Asilolijua ni kwamba kabla ya miche ya Magongo, mimi nilihudhuria warsha ya waandishi katika hoteli moja ya Shanzu, nikapendezwa na mti wa maua meupe yenye moyo wa manjano, nikavunja tawi nyuma ya chumba cha kufulia, nikalifunga katika karatasi za mada yangu mwenyewe, "Maadili ya Mwandishi", nikampelekea dadangu zawadi. Akalipanda, na baada ya miezi michache likaota unga.

Basi nilipanda gari la Daktari nikijua kwamba mwanamke huyu angeweza kuyasoma makosa yangu ndani ya tumbo la mdudu.

Likoni: barua yatangulia

Katika rasimu ya barua ya kuwaarifu wazee wa mitaa juu ya utafiti, neno "wadudu" lilijirudia mara saba katika ukurasa mmoja. Mtu anayejiona ana mtindo havumilii jambo hilo. Nikayafuta, likiwamo lile la kwenye kichwa, nikabakisha moja ukurasa wa pili. Barua iliyofika Likoni ilianza hivi: "Utafiti wa Wavamizi: Asili Yao na Njia Walizopitia. Mtafiti atachukua sampuli na kupima vinasaba ili kubaini wametoka wapi." Mzee wa mtaa aliupiga picha ukurasa wa kwanza, akausambaza kwa simu.

Mnajua wenyewe huku kwetu neno mvamizi lina kazi gani. Halimwiti mdudu. Humwita mtu aliyejenga kwenye ardhi yenye hati ya mtu mwingine, na hao ni nusu ya mtaa, na nusu ya pili ina kesi.

Tulipofika kwa huyo mzee wa mtaa, Mzee Hamisi, upande wa Mtongwe, uwanja ulikuwa umejaa. Kila mtu ameshika kitu: bahasha, nakala za kitambulisho, stakabadhi zilizokunjwa hadi zikachanika. Mmoja alikuwa na picha ya kaburi.

Bibi mmoja, Bi Mwanasiti, alisimama akajifunga leso vizuri.

"Waanza na mimi," akasema. "Andika. Mwanasiti binti Omari bin Juma bin Mwinyi Hija..."

Akaenda hadi babu wa tisa. Daktari, akidhani ndiyo desturi ya kuamkiana, aliandika wote.

"Hao wote wamezikwa papa hapa," Bi Mwanasiti akamaliza. "Na babuyo weye kazikwa wapi?"

"Bungoma," Daktari akajibu kwa adabu.

"Haya. Sasa mvamizi ni nani?"

Uwanja mzima ukacheka, kicheko kisichokuwa na furaha. Mwanamume mmoja akakunja mkono wa shati hadi begani. "Mimi damu natoa. Lakini yule wa miwani atoe yake kwanza." Wa miwani ni mimi.

"Mwalimu," Daktari akaninong'oneza, "mbona wanataka kutoa damu?"

Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi. Nikapanda juu ya kibao nikapaza sauti: "Jamani, mmekosea! Wavamizi ni wadudu! Ni wadudu tu!"

Bahasha zote zikashuka.

"Tushakuwa wadudu," akasema Mzee Hamisi taratibu, kama mtu anayeonja neno.

Aliyetuokoa ni Daktari. Alikwenda hadi kwenye mpapai uliokuwa uani, akachuma jani, akaligeuza likaonekana jeupe lote upande wa chini, akalipeleka hadi puani kwa Bi Mwanasiti. "Natafuta huyu."

Bi Mwanasiti aliliangalia jani, kisha akaniangalia mimi. "Unga? Kwa ajili ya unga ndiyo nimewacha mbaazi zangu mekoni zaungua? Wallahi, mtu aliyeiandika barua ile alaaniwe mkono."

Nikautia mkono wangu mfukoni.

Baada ya hapo hatukuweza kuondoka. Kila aliyekuja na bahasha alitaka na mpapai wake upimwe, kwa kuwa wa jirani umepimwa. Daktari aliwatia wadudu katika vichupa vya spiriti kali, akaandika jina la mahali, akavipanga katika sanduku la barafu. Tulikula mahamri na mbaazi zilizoshika moto chini, tukalazwa kwa Mzee Hamisi, nami nikajiambia kwamba mabaya yamekwisha. Ndipo dadangu akanipigia simu.

"Weye umeandika barua gani? Huku Mzee Athman ameipiga chapa. Asema serikali yaja kupima wavamizi, na wa kwanza ni Kadzo. Kikao cha kumjadili kilikuwa kiwe mwezi ujao. Sasa ni Alhamisi baada ya alasiri."

"Mwambie ni wadudu, dada."

"Nimemwambia. Asema ndivyo hivyo hivyo."

Dongo Kundu: malori

Njia fupi ya kutoka Likoni ni feri, lakini Daktari haogopi mdudu wala nyoka, aogopa maji tu. Jumanne tukazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, safi, pana, madaraja marefu juu ya mikoko, nikaanza kuamini tutafika Magongo kwa chai ya saa nne. Tulipokaribia Miritini tukakuta malori ya bandarini yamesimama mkia kwa kichwa, na kontena moja limelala ubavu katikati ya njia.

Tulikaa hapo hadi jua likageuka. Tulikula njugu, halafu muhogo wa kukaanga, halafu njugu tena. Dereva mmoja wa lori aliyekuwa kwenye foleni tangu juzi alikuja kuegemea gari letu, akaliona lile sanduku.

"Mna soda baridi, mama?"

"Ni wadudu," akasema Daktari.

Dereva akafikiri kidogo. "Wa kula?"

Alipoelezwa hakushangaa. "Sisi tunabeba kila kitu. Nilipeleka mzigo wa vigae hadi Malaba, kufungua, nyoka huyo. Mzima, na mimi namletea hewa safi njia nzima."

Alipoondoka nilijikohoza. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Mtongwe. "Daktari, tuseme mtu amevunja tawi la ua tu, tawi dogo, akalipeleka mahali. Hilo laweza kuleta unga?"

"Inatosha kabisa. Mdudu mama mmoja akiwa na kifuko cha mayai kwa tawi, amekwisha fika. Yeye hana mabawa, Mwalimu. Lazima abebwe na mtu, ama upepo, ama sisimizi. Kwa nini unauliza?"

"Ni mambo ya makala," nikasema.

Magongo: kwa Kyalo

Tulifika kwenye kitalu cha miche jioni, Kyalo mwenyewe akatupokea mlangoni akiwa amefunga mikono kifuani. Ndiye aliyemuuzia Kadzo. Habari zilikuwa zimemfikia, na tulipoamka kwake Jumatano tukaona amekwisha jitayarisha: miche yote, mistari kwa mistari kando ya barabara ya Magongo, ilikuwa imeoshwa kwa sabuni, jani moja moja, inang'aa kama sahani za harusi. Hakukuwa na mdudu hata wa dawa.

"Unaona?" akasema. "Kwangu hakuna."

Daktari akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Kyalo, kama sina wadudu wako siwezi kujua kama ni wewe. Lakini pia siwezi kujua kama si wewe. Wale watu wa Junda wameshakuhukumu. Ukiniondolea wadudu hivi, hiyo hukumu inabaki."

Mkewe alituletea muthokoi, mahindi ya kukoboa yaliyopikwa na maharagwe, tukala. Kyalo alimaliza sahani yake, akasimama, akatupeleka nyuma ya choo, kwenye mpapai mzee aliouficha kwa mabati. Ulikuwa mweupe kuanzia shingoni.

"Ikitoka ni mimi, biashara imekwisha," akasema. "Nina watoto watatu shuleni. Lakini chukueni."

Nilimshikia Daktari kichupa nikigeuza uso pembeni. Kyalo alidhani naogopa wadudu, akanipa pole.

Junda: friji la dadangu

Tuliupita mji tukivuka daraja la Nyali, tukaingia Kisauni, na alasiri ya Jumatano tukawa Junda. Dadangu alikuwa mlangoni.

"Habari yako mama," Daktari akamwamkia.

"Shikamoo haijafika Bungoma?"

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekonda. Huyu ndugu yangu hakukulisha?"

Alitulisha yeye: wali wa nazi, samaki wa kupaka, kachumbari, na swali moja baada ya jingine. Daktari alichukua wadudu kwenye ule mti wa maua uliokuwa karibu na kisima. Dadangu huuita ua la hoteli. Nilisimama nimeupa mgongo kama mtu aliyekutana na mdai wake sokoni.

Kisha tukaenda kwa Kadzo. Kiwanja kilikuwa na visiki vya mipapai iliyokatwa, na michache iliyobaki ameifunga vitambaa. Alitukaribisha sima na mchunga, mboga chungu ambayo mimi huisifu nikiwa mbali nayo. Aliziangalia chupa zikijaa, halafu akanigeukia.

"Mwalimu, ndiwe uliyeandika ile barua?"

"Ndiyo, Kadzo."

"Una mwandiko mzuri," akasema.

Sikupata pa kuuweka uso. Alikuwa hajamaliza. "Mimi sijui kuzungumza kwenye vikao. Kesho wataniuliza miche nilitoa wapi, nitasema Magongo, kwa maana nilitoa Magongo. Basi. Nitakuwa nimejifunga mwenyewe. Kiwanja hiki ndicho kimenisomeshea watoto, sina kingine."

Sanduku la barafu lilikuwa limeshajaa, tukaviweka vichupa vya Junda katika friji la dadangu. Alivinusa. "Hii ni tembo."

"Ni spiriti ya kuhifadhia wadudu, mama. Si ya kunywa."

"Ndivyo wasemavyo wote," akasema, lakini akasogeza mtindi kupisha nafasi.

Alhamisi asubuhi tulivikuta vichupa kumi na viwili vimepangwa juu ya sinki, vimeoshwa, vimefunikwa kwa kitambaa safi. "Nimezimwaga," akasema dadangu bila kututazama. "Nimeshindwa kulala. Tembo halikai nyumbani mwangu."

Nilianza kumwombea radhi kwa Daktari, nikazungumza mengi juu ya dini na usafi. Daktari hakulalamika. Alijaza vichupa upya, akarudi kwenye ua la hoteli, akarudi kwa Kadzo. Lakini mimi nilibaki jikoni nikitazama rafu ya dadangu, nikaona chupa ya manukato yake ya Dubai, na ile spiriti ya duka la dawa anayosafishia vidonda. Zote zina kileo, na zilikuwa pale pale, zimekaa miaka.

Shanzu: mtunza bustani

Nilijaribu kumshawishi Daktari kwamba Shanzu haina haja. Nikataja jua, foleni, ulinzi. "Kuna mahoteli mengi yenye maua ya kutoka nje," akasema. "Kama kuna mahali aliingilia mapema, ni kama hapo. Na lazima turudi kabla ya kikao."

Langoni tulingojeshwa saa nzima na nusu kwa sababu mlinzi alielewa kwamba tumeleta wadudu, na hoteli haikuwa imeagiza. Hatimaye akaitwa mtunza bustani, Charo, mtu wa makamo mwenye makasi mfukoni. Alimsalimia Daktari, akanitazama, akakaza macho.

"Wewe si yule wa tawi?"

"Tawi gani?" nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi nisingeiamini.

"Ah, babu! Mkutano wa waandishi. Nilikuwa juu ya ngazi, nakuona. Uliangalia kushoto, ukaangalia kulia, juu hukuangalia." Akacheka hadi akashika magoti. "Nikasema, hebu nimwachie. Mwandishi ataiba nini kingine?"

Daktari alikuwa amesimama na kichupa mkononi. Nikamweleza yote pale pale, kando ya bwawa la kuogelea, mbele ya watalii wawili waliokuwa wakijipaka mafuta.

"Kwa hivyo hii jasho yote tangu Jumatatu ni tawi?" akauliza.

"Ni tawi."

"Mimi nilidhani una malaria. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta kliniki." Kisha uso wake ukabadilika. "Na ulingoja yule mama afikishwe kikaoni?"

Alichukua wadudu kutoka miti minane, mmoja ukiwa ule ule niliouvunja nyuma ya kufulia, na njiani kote kurudi Kisauni tulisikiliza redio.

Junda: kikao

Kikao kilikuwa kwenye kibaraza cha madrasa, wanawake upande mmoja, wanaume upande wa pili. Mzee Athman, mwangalizi wa kiwanja, alikuwa na barua yangu mkononi, imewekwa ndani ya plastiki. Kadzo alikaa peke yake kwenye ngazi.

"Kadzo, miche ulitoa wapi?"

"Magongo."

"Basi mmesikia," akasema Mzee Athman.

Nikasimama kabla miguu haijabadili nia. Nikasema barua ni yangu, na neno mvamizi ndani yake ni mdudu, na kosa ni la mtindo. Nikasema kabla Kadzo hajanunua mche hata mmoja, mimi nilileta tawi kutoka Shanzu, nalo lilikuwa na unga. Nilijitayarisha kwa kelele. Badala yake watu walinitazama kwa huruma.

"Mwalimu una roho nzuri," akasema Mzee Athman. "Wataka kumsitiri mama wa watu. Twakushukuru. Keti."

"Simsitiri! Ni mimi!"

"Keti, mwanangu."

Mwanamke mmoja upande wa pili akamnong'oneza mwenzake jambo kuhusu mimi na Kadzo, wakaficha vicheko kwa leso. Miaka thelathini naandika ili watu waniamini, na siku niliyosema kweli bila kupamba hakuniamini hata mmoja.

Ndipo dadangu akasimama. Rukia haongei vikaoni. Alijifunika vizuri, akazungumza akiangalia sakafu.

"Asema kweli. Ua lile lilikuwa na unga kabla Kadzo hajaweka mche. Niliuona. Kila asubuhi nikawa naupangusa kwa kitambaa, nakikung'uta kitambaa ukutani." Ukuta ule ndio unaopakana na kiwanja cha Kadzo. "Na jana usiku zile chupa za Daktari nilizimwaga mimi. Si kwa tembo. Nilijua zitamsema ndugu yangu."

Nilimwona dadangu kama mtu nisiyemjua. Tumelelewa kwamba aibu ya ndugu hufunikwa, na sikuwahi kuuliza inafunikwa kwa nguo ya nani.

Kadzo aliinuka kwenye ngazi. Sauti yake haikupanda. "Rukia, mwaka jana nilikuja kwako kuomba maji, ukanipa. Nikakuuliza, jirani, hata wewe waamini ni mimi? Ukasema, Mungu ndiye ajuaye." Akanigeukia na mimi. "Kumbe mlikuwa mwajua wawili."

Mzee Athman aliikunja ile plastiki mara mbili. Alisema watu hugombana na husuluhishwa, lakini ikiwa kuna karatasi ya maabara inayokuja, kiwanja kisiguswe hadi ije. Kadzo akaenda zake bila kumuaga mtu. Ijumaa nikarudi kwangu Kilifi, nikala, nikalala, na kwa wiki kadhaa kila simu ilipolia nilidhani ni mdudu.

Majibu

Yalikuja kwa Kiingereza, nikayatafsiri, na safari hii niliacha kila neno lijirudie lipendavyo. Wadudu wa Shanzu ni wa koo nyingi, dalili ya mahali walipokaa muda mrefu au walipoingilia zaidi ya mara moja. Wa Likoni ni mchanganyiko. Wa Magongo wana ukoo wao, na ukoo huo haukuonekana Junda kabisa. Kyalo alipoambiwa kwa simu, nilisikia ndoo ikianguka. Wa Junda wote, wa ua la hoteli na wa mipapai ya Kadzo, ni ukoo mmoja, uzao wa mama wachache sana, labda mmoja. Ndugu zao wa karibu wako Shanzu.

Daktari alisisitiza niyaandike maneno mawili: labda, na haimtaji mtu. "Vinasaba vinasema wamehusiana," alisema. "Havijui kama walikuja na upepo, na lori, ama na mwalimu."

Niliipeleka karatasi Junda mwenyewe. Mzee Athman aliisoma, akasema Kadzo akae kwenye kiwanja chake na asisumbuliwe. Kadzo alikuwa akichimbua visiki. Nikamsomea yote, hadi mwisho.

"Hiyo karatasi yasema ni Kadzo?" akaniuliza.

"La."

"Yasema ni nani?"

"Haisemi mtu."

"Basi sema wewe," akasema, akafuta jembe kwa mguu. "Kikaoni walikuwa watu ishirini. Unga wangu ulitangazwa nyumba zote. Twende."

Hiyo ndiyo iliyokuwa hatua ndefu kuliko zote, ndefu kuliko Dongo Kundu na malori yake. Nyumba hadi nyumba, Kadzo hatua mbili nyuma yangu, ameshika jembe kwa sababu alisahau kuliacha. Hodi. Salamu, hali za watoto, karibuni chai. Kisha: mimi ndiye niliyeleta unga Junda, si huyu. Wengine walisema hayo yamekwisha. Mmoja aliniuliza kama nina mche mwingine wa lile ua. Bibi mmoja kiziwi alinifanya niseme mara nne, ya mwisho kwa kupiga kelele, na Kadzo ndiye aliyemthibitishia kwa kichwa.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya dadangu. Nilitaka kuipita. Kadzo alisimama, hakusogea.

"Hodi," nikasema.

Rukia alitokea mlangoni, mikono ina unga wa ngano. Nikalisema kama nilivyolisema kwa wengine, neno kwa neno, kana kwamba simjui.

"Najua," akasema. Akamtazama Kadzo juu ya bega langu, muda mrefu. "Karibuni ndani. Nyote wawili."

"Ingia wewe," Kadzo akaniambia. "Mimi nitangoja hapa nje, aje yeye, aniambie kwa kinywa chake."